Kisu Hiki Hakitaki Ukimya

Dada yangu aliniambia habari za upasuaji wake tukichambua maharagwe uani, nyumbani kwetu Nchiru, Meru. Alinong'ona. Mama alikuwa ameenda sokoni na hapakuwa na masikio mengine ila ya paka na mbuzi wawili waliofungwa chini ya mti wa avokado, lakini alinong'ona vivyo hivyo, kama mtu anayetaja deni. "Nimepewa tarehe," akasema. "Nakatwa tumbo." Akaendelea kutupa vijiwe na maharagwe yaliyooza, macho kwenye ungo.

Mimi nilidhani anasema juu ya kunyonywa mafuta ya kitambi. Nikamwambia bila kufikiri kwamba hayo ni mambo ya masupastaa wa Nairobi. Alicheka kidogo, kisha akanyamaza.

Kosa langu lilianzia kwenye lugha yenyewe. Kiswahili kina tumbo moja kwa mambo mengi: kitambi ni tumbo, mimba ni tumbo, kuendesha ni tumbo, na kile kifuko cha ndani kinachopokea chakula nacho ni tumbo. Mtu akisema anakwenda kukatwa tumbo, kila msikilizaji hujichagulia lake. Upasuaji aliousema dada haugusi kabisa kile kinachoonekana chini ya kitenge. Daktari hutoboa matundu madogo manne au matano, hupitisha kamera na vyombo vyembamba, kisha hukata na kuondoa robo tatu au zaidi ya mfuko wa chakula, akiacha kijifuko chembamba chenye umbo la ndizi. Sehemu inayoondolewa ndiyo hasa hutoa ghrelini, homoni inayouambia ubongo kwamba njaa imefika. Mafuta yenyewe hayaguswi. Huyeyuka baadaye, kwa miezi, kwa kuwa mwenye mwili anakula kidogo na kushiba upesi.

Dada ana miaka 46 na ni mwalimu wa shule ya msingi. Siku ile ya maharagwe alikuwa na uzani wa kilo 110 kwa urefu wa mita 1.60. Ukizigawa kilo hizo kwa urefu uliozidishwa kwa wenyewe unapata 43. Kuanzia 30 madaktari husema unene wa kupindukia. Mwaka 1991 wataalamu wa Marekani waliweka mpaka wa upasuaji kuwa 40, au 35 kwa mwenye maradhi kama kisukari; mwaka 2022 vyama vya madaktari wa upasuaji huo, cha Marekani na cha kimataifa, viliushusha hadi 35 kwa yeyote, na hata 30 kwa mwenye kisukari. Kwa kipimo chochote kati ya hivyo, dada alikuwa amevuka. Kisukari anacho tangu miaka tisa iliyopita. Presha anayo. Magoti yamemfanya awe mtu wa kiti cha mbele kwenye matatu, na anakoroma hivi kwamba mwanawe wa mwisho alihamia chumba cha nyanya yake.

Chini ya ungo alikuwa na daftari la shule, lile la kurasa 96, na ndani yake maswali yaliyopigiwa nambari kwa wino mwekundu wa mwalimu. "Haya ndiyo yananinyima usingizi," akasema. "Ni kumi na saba. Na daktari sijamwuliza hata moja."

Kwa nini hakuuliza? Jibu lake nililielewa bila yeye kulieleza, kwa sababu sisi sote tumelelewa papa hapa.

Anayepita Nchiru kwa barabara ya Meru kwenda Maua huona lango la Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, wanafunzi na bodaboda zao. Wengi hawajui kwamba ardhi ile ilitolewa na wazee wa Njuri Ncheke, baraza la jadi la Wameru, wala kwamba makao ya baraza hilo yako papa hapa. Na huku kwa Njuri Ncheke, kisu kina adabu yake. Mvulana akifika jandoni hapepesi jicho, halii, haulizi kitu. Akitikisika, jina lake litasimuliwa mpaka azeeke. Wanawake nao wana kumbukumbu yao. Mwaka 1956 Njuri Ncheke ilipiga marufuku ukeketaji, na wasichana wa Meru wakajibu kwa kukatana wenyewe kwa nyembe. Waliitwa Ngaitana, yaani "nitajikeketa". Simsifu mtu kwa hilo. Ukeketaji ni uovu, na sheria ya mwaka 2011 imeuharamisha kabisa nchini. Ninachosema ni kwamba wasichana wale ndio mama na nyanya zetu, na tulichorithi kutoka pande zote mbili ni hiki: mbele ya kisu unakaza meno, unanyamaza.

Kisu cha hospitali kina adabu nyingine kabisa. Hiki hakitaki ukimya. Mgonjwa anayekaza meno mbele ya daktari wa upasuaji ndiye mgonjwa wa hatari, maana ukimya wake unaficha mkoromo, dawa za kienyeji, sigara, soda za usiku, na woga ambao huenda ungejibiwa kwa dakika mbili. Nilimwambia dada alichukue daftari lile Nairobi kwa daktari, nikamsindikiza.

Swali la kwanza lilikuwa fupi. Je, nikilala nisiamke?

Nadhani kila mtu huanzia hapo, na huwezi kumlaumu Mkenya yeyote. Oktoba 2024 mwanamke mmoja mfanyabiashara alifariki Nairobi baada ya kufanyiwa upasuaji wa kunyonywa mafuta katika kliniki ya urembo, na serikali ikaamuru kliniki hiyo ifungwe. Habari ile ilizunguka kwenye simu za nchi nzima. Mpaka leo ukitaja upasuaji wa kupunguza uzito katika duka lolote la Nchiru, utaambiwa "si ule ulioua yule mama?" Si ule. Kunyonya mafuta ni kuchota mafuta chini ya ngozi ili kubadili umbo. Hakutibu unene wala kisukari. Kukata mfuko wa chakula, au kuupunguza na kuuelekeza moja kwa moja kwenye utumbo mdogo, ni tiba ya ugonjwa, na imekuwapo kwa miongo mingi. Njia ya kuelekeza ilianzishwa na Edward Mason na Chikashi Ito katika Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, miaka ya 1960. Katika hospitali zenye uzoefu, hatari ya kufa ndani ya siku 30 ni karibu mgonjwa mmoja katika kila 1,000, sawa na ya kutolewa kifuko cha nyongo.

Mmoja katika 1,000 si sifuri, na dada ni mwalimu wa hesabu. Aliuliza yule mmoja hufa kwa nini. Daktari alijibu waziwazi: damu kuganda miguuni na kwenda mapafuni, au mshono kuvuja. Kuvuja hutokea kwa karibu mgonjwa mmoja katika 100 kwa njia aliyoichagua yeye, na wengi huokolewa kukigunduliwa mapema. Ndiyo sababu mgonjwa huamshwa atembee jioni ile ile, na ndiyo sababu ukiwa umesharudi nyumbani, moyo ukienda mbio, joto likapanda au bega la kushoto likauma vibaya, hungoji asubuhi.

Kisha akauliza swali ambalo mimi nisingethubutu. "Wewe mwenyewe umewafanyia wagonjwa wangapi, na wangapi walirudishwa thieta?" Nilitazama sakafu. Daktari hakukasirika hata kidogo. Alitoa takwimu zake. Nimeliwaza sana jambo hilo tangu siku ile, na nina msimamo: daktari anayeudhika kwa swali hilo amekujibu tayari. Inuka uende. Na kabla ya hapo, jina lake na la hospitali lazima yawe kwenye orodha ya waliosajiliwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC. Orodha hiyo iko kwenye tovuti ya baraza, na kuitafuta hakuhitaji zaidi ya simu na jina kamili la daktari.

Baada ya kifo ikaja hofu ambayo haina takwimu, ya watu watasema nini. Katika daftari ilichukua nambari tatu mfululizo.

Huku kwetu mtu aliyenenepa anaambiwa amependeza, maisha yamemkubali. Aliyekonda ana siri. Wazo hilo lina umri mkubwa, lakini kizazi chetu kililipigilia misumari. Mwaka 1985 madaktari waliandika katika jarida la Lancet kuhusu ugonjwa mpya wa Rakai, Uganda, ambao wenyeji waliupa jina la "slim", kwa kuwa uliwakondesha watu hadi mfupa. Ukimwi ukabaki na jina hilo kwa Kiganda mpaka leo, siliimu. Dada alikuwa msichana katika miaka ya tisini. Anawakumbuka wanaume waliorudi kutoka mjini na mikanda iliyotobolewa matundu mapya, na majirani waliowahesabia miezi. Mwambie mtu wa umri wake kwamba atapungua kilo 30 kwa mwaka, naye atasikia minong'ono kabla hajasikia faida.

Jambo la ajabu ni kwamba anayeona haya hayuko peke yake. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2014 ulikuta theluthi moja ya wanawake wa Kenya wa umri wa miaka 15 hadi 49 wana uzani kupita kiasi. Ule wa 2022, uliohesabu wa miaka 20 hadi 49, ulikuta asilimia 45. Karibu nusu ya kina mama katika chama chochote, basi, na bado kila mmoja hudhani ugonjwa ni wake na aibu ni yake.

Hapa Watanzania wametupita. Hospitali ya Taifa Muhimbili, tawi la Mloganzila, ilipoanza kuweka puto maalumu tumboni mwaka 2022, habari ilitoka redioni na mitandaoni kwa Kiswahili kinachoeleweka, na mwanamuziki Peter Msechu akajitokeza hadharani kusema kwamba na yeye amewekewa. Profesa Mohamed Janabi, daktari wa moyo aliyeiongoza Muhimbili wakati huo, aliwasema watu kuhusu ulaji wao mpaka akageuzwa utani wa vijiweni. Utani ni afadhali kuliko minong'ono. (Puto si upasuaji: huingizwa kupitia mdomoni, hukaa miezi kadhaa, kisha hutolewa. Dada aliulizia, akaambiwa kwa uzani wake na kisukari chake lingemsaidia kwa muda tu.)

Aliamua kuwaambia watu wanne: mumewe, binti yake, mwalimu mkuu, na mimi. Kanisani hakusema. Sioni kosa. Kusema ninakokupigia debe ni kumwambia anayekutibu na anayekuuguza. Kijiji hakina haki ya kuona faili lako.

Wa tano, yaani mama, hakuwa kwenye mpango. Alitambua mwenyewe, kama mama anavyotambua, na akauliza jambo moja tu: "Sasa mwanangu utakula nini?" Ungemwona uso. Kwake yeye kisukari ni mapenzi ya Mungu na presha ni mawazo, lakini binti asiyeweza kumaliza sahani ya githeri ni msiba. Na nyumbani kwetu sahani haimalizwi mara moja; ukimaliza unaongezwa, ukikataa unaulizwa umekosewa nini.

Dada alimjibu kwa subira kubwa, na nilijifunza mengi kwa kumsikiliza. Wiki mbili hivi za mwanzo ni vitu vya majimaji: mchuzi uliochujwa, maziwa, uji mwepesi, kwa vikombe vidogo kutwa nzima. Halafu vilivyopondwa. Halafu laini. Karibu na wiki ya sita chakula cha kawaida hurudi, ila kwa vijiko vya kuhesabu, na protini inatangulia, yai au samaki au maharagwe, kabla ya wanga. Mama alipata nguvu aliposikia maharagwe. Akataka kujua yatapondwa laini kiasi gani, nikaona ameanza kupika.

Vitamini je? B12, chuma, kalisi na vitamini D humezwa maisha yote, na damu hupimwa kila mwaka. Huo ni mzigo wa mfuko, na watu wengi husahau kuuhesabu wanapouza ng'ombe au shamba ili kulipia upasuaji, ambao bei yake ni ya mamia ya maelfu ya shilingi. Dada hakuitisha harambee. Alisema hawezi kusimama mbele ya watu awachangishe kwa jambo wanaloliona ni urembo. Alichukua mkopo wa sako. Swali la bima alilituma kwa maandishi na akadai jibu kwa maandishi, nami nawashauri wote wafanye vivyo hivyo.

Ukitaka kumwona amekasirika, mwambie ni njia ya mkato. Ninamkumbuka akitoka alfajiri akitembea mpaka Kianjai na kurudi, kwa miezi saba, viatu vikiisha soli. Alipungua kilo 14. Zikarudi zote, na nyingine tatu juu yake. Aliamini ni udhaifu wake wa moyo, na hiyo ndiyo hofu iliyokuwa imeandikwa nambari tisa, kwa mwandiko mdogo kuliko mingine: Na hii pia nikishindwa?

Mwili uliokonda kwa kujinyima hupigania kilo zake: njaa huongezeka, matumizi ya nguvu hupungua. Ni tabia ya mwili wa binadamu, haikuanza na dada yangu. Hata sindano mpya zinazosifiwa sana hazijaiepuka. Katika jaribio kubwa la semaglutaidi lililochapishwa mwaka 2021, watumiaji walipungua kwa wastani wa asilimia 15 hivi ya uzani wao. Walipoacha dawa, ndani ya mwaka mmoja theluthi mbili ya walichopoteza kilikuwa kimerudi. Upasuaji hukaa muda mrefu zaidi kwa sababu hubadilisha ishara za njaa zenyewe. Nchini Uswidi, Lars Sjöström na wenzake walianza mwaka 1987 kuwafuatilia maelfu ya watu, waliopasuliwa na wasiopasuliwa. Matokeo ya 2007 yalionyesha waliopasuliwa walikuwa wanakufa kwa uchache zaidi. Kuhusu kisukari, jaribio la Cleveland, Marekani, lilikuta kwamba baada ya miaka mitano asilimia 29 ya waliofanyiwa njia ya kuelekeza utumbo, na 23 ya waliopunguzwa mfuko kama dada, walikuwa wamefikia sukari ya kiwango kizuri kilichowekwa. Kwa waliotegemea dawa pekee ilikuwa asilimia 5.

Sasa zisome namba hizo kwa upande wa pili, kama alivyozisoma yeye. Asilimia 23 maana yake 77 hawakufika. Wapo wanaorudisha kilo. Wapo wanaopata kiungulia kikali baada ya mfuko kupunguzwa, nywele hudondoka kuanzia mwezi wa tatu, ngozi hulegea, na pombe humpanda mtu upesi kuliko zamani. Daktari alimwambia yote hayo. Nilidhani yatamtisha, kumbe yalimtuliza. Hofu ya kushindwa ilipungua alipoelewa kwamba kufaulu hakukuwa kitu kimoja: akiacha nusu ya dawa na kupanda ngazi za shule, hata kama uzani utagota kwenye kilo 85, ameshinda alichokiendea.

Sehemu ngumu kuliko zote ilikuwa chumba cha mshauri nasaha.

Hospitali nyingi humtaka mgonjwa aonane na mtaalamu wa akili na wa lishe kabla ya kupewa ruhusa. Dada alilichukulia jambo hilo kama mtihani. Alikwenda na majibu aliyoyakariri: nakula mara tatu, silewi, sina mawazo. Alipita, kwa maana hakuna aliyemkamata. Usiku ule tukiwa kwa binamu yetu mtaani Kahawa, Nairobi, aliniambia, taa imezimwa, kwamba amedanganya. Tangu baba alipofariki amekuwa akiamka saa saba usiku, anakwenda jikoni, anakula chapati zilizobaki akiwa amesimama, na soda, bila njaa. Mumewe hajui. Alidhani akisema watamfuta kwenye orodha.

Alirudi akasema. Hawakumfuta. Waliahirisha tarehe kwa wiki kumi, akawa anaongea na mshauri kwa simu kila Jumatano akiwa chini ya ule mti wa avokado. Ulaji wa usiku si kizuizi cha milele, lakini ukiingia nao thieta bila kuutaja, utatoka nao. Mfuko mdogo hauzuii soda, maana soda hupita tu. Na anayepasuliwa bila kushughulikia huzuni yake anaweza kujikuta amenyang'anywa kitulizo pekee alichokuwa nacho, akageukia chupa.

Kwa watu wa Tigania kama sisi kuna la ziada. Tunatoka kwenye nchi ya miraa, tunaitafuna na chingamu ya Big G na soda, na hatuihesabu kuwa dawa. Daktari wa nusukaputi anaihesabu. Miraa hupandisha mapigo ya moyo na shinikizo la damu, na huchelewesha chakula kutoka tumboni, jambo baya kwa mtu anayetakiwa kulala thieta akiwa na tumbo tupu. Ukiulizwa kama unatumia kitu chochote, sema, na useme ulitafuna lini mara ya mwisho. Pasta hayupo kwenye chumba hicho.

Wiki mbili za mwisho dada aliwekwa kwenye mlo wa wanga kidogo sana. Alilalamika mno, mpaka alipoelezwa sababu: ini la mtu mnene huvimba kwa mafuta na hulalia juu ya mfuko wa chakula; likinywea kidogo, daktari anaona anachokata. Kuanzia hapo kila alipotamani mandazi alisema, "Napunguza ini." Nilitamani madaktari wangejua kwamba sababu moja iliyoelezwa hushinda amri kumi.

Kuna mashaka mengine ambayo si ya kutulizwa. Hofu ya kawaida ukiijibu hupungua, hata ikibaki na mkia. Lakini ikiwa kila jibu linaongeza uzito kifuani, ikiwa ukitazama vizuri unaona aliyetaka upasuaji ni mume, au harusi ya Desemba, au tangazo la punguzo la bei linaloisha Ijumaa, hapo moyo unakwambia kitu kingine, na unastahili kusikilizwa. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inadai mgonjwa aelezwe hali yake, njia zilizopo na hatari zake, na aridhie kabla ya kutibiwa. Saini yako kwenye fomu haikufungi. Unaweza kusema hapana ukiwa umeshavaa lile gauni lililo wazi mgongoni. Na hospitali inayokuharakisha iogope kuliko kisu.

Usiku wa mwisho tulilala Kahawa tena. Saa tisa aliniamsha.

"Mdogo wangu, nirudi Nchiru?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa swali hilo, au nilidhani hivyo. Nikamwuliza ni lipi kwenye daftari ambalo halijajibiwa. Aliwasha tochi ya simu akapitia kurasa, kidole kikishuka taratibu, mpaka mwisho. "Gredi ya sita," akasema. "Hesabu. Yule kijana wa mazoezi ya ualimu hawezi sehemu." Tulicheka mpaka binamu akagonga ukuta.

Haikumaanisha kwamba hofu ilikwisha. Asubuhi mikono yake ilikuwa baridi na hakuweza kuvua pete. Ilibidi nimsaidie kwa sabuni. Muuguzi alipokuja na maswali yake, jina, tarehe ya kuzaliwa, umekula saa ngapi, unakoroma, una meno ya bandia, nilimwona dada anakaza taya kama watu wetu wanavyokaza. Kisha akailegeza. "Sista," akasema, "mimi naogopa sana." Muuguzi aliacha kuandika, akavuta kiti, akaketi. Baadaye alikuja daktari wa usingizi, akamsikiliza, akamweleza mambo yatakavyokwenda hatua kwa hatua, akamwagizia dawa ya kumtuliza. Dada aliniachia daftari na pete. Walimsukuma saa nne kasorobo, akiimba wimbo wa kwaya kwa sauti ya puani.

Hiyo ni miezi mitano iliyopita. Wiki jana mizani ya zahanati ilisoma kilo 88. Dawa moja ya kisukari imeondolewa, ya presha bado anameza, nywele zinadondoka, na vitamini atazimeza maisha yake yote.